Sentensi Moja Wakati Maharage Yanachemka

Mama alipofariki, mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu. Baba alikuwa ametangulia. Wanawake waliokuja msibani Kirushya waliniita nyuma ya nyumba, wakaniambia kama ilivyo desturi: "Huyu mdogo asiambiwe. Mwambieni mama amesafiri." Nikamwambia hivyo. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa nimeshaacha shule darasa la sita ili nimuuguze mama, na wadogo zangu walifuata neno langu.

Labda mwaka mwingine uongo ule usingetudhuru. Lakini haukupita muda wakimbizi wakaanza kuingia kutoka Burundi, ng'ambo ya mpaka. Barabara ilijaa watu, wanawake wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni, kutwa nzima. Mtoto akaona watu wanaosafiri. Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye kichuguu kando ya barabara, akimtazama usoni kila mwanamke anayepita. Jioni nilimfuata. Alikuja bila kubisha, miguu imejaa vumbi, akaniuliza kama kesho watapita wengine.

Sikuweza kumwambia ukweli kwa mdomo. Nikaona niandike, nijue la kusema, kisha nimsomee. Shuleni insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa. Nilichukua daftari langu la zamani, nikaandika "Mama yetu", na hapo kalamu ikagoma. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilikuwa nakaa jikoni na daftari magotini mpaka moto unazimika.

"Dada, hiyo barua unamwandikia nani?" mdogo wangu wa kiume alinitania. "Mbona huyo mtu hata salamu humpi?"

"Kachote maji."

"Nimeshachota. Wewe ndiye hujaandika."

Wakati ule mama mmoja wa Kirundi alikuwa anatoka kambini kuja kutulimia, tukimpa ndizi na maharage. Kirundi chake na Kihangaza changu vilielewana vizuri. Siku moja, tukipalilia, aliniuliza, "Mwanangu, yule mtoto pale barabarani ananitazama kila nikipita. Anamtafuta nani?"

Nikamweleza yote, na habari ya daftari pia. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, ndipo akajibu.

"Unaanzia pagumu. Unataka kuanza na kifo. Mimi nina kijana wangu, baba yake alibaki kule, hatujui kama yuko hai. Kila siku namwambia kitu kimoja cha baba yake. Kimoja tu, lakini siruki siku."

"Na vikiisha?"

"Mtu haishi upesi hivyo. Hata namna alivyokuwa anapenga kamasi ni kitu." Akacheka peke yake, akajifuta uso kwa kitenge.

Jioni ile nilibandika maharage, nikajiwekea sharti kwamba kabla hayajaiva niwe nimeandika sentensi moja. Niliandika: "Mama alikuwa anamenya ndizi bila kutazama kisu." Ilikuwa ndogo, hata aibu niliona. Kesho yake: "Mama aliogopa radi, akasema anaogopa kwa ajili yetu." Siku nyingine nilikuwa na homa, nikaandika neno "mama" na "chumvi", nikalala. Siku nyingine nilikasirika, nikaandika kwamba alinichapa kwa kosa la mwenzangu na hakuomba radhi. Sikuruka siku. Kila nilipomaliza nilimsomea mdogo wetu wa mwisho, naye alisikiliza huku anakula, kisha asubuhi akarudi kwenye kichuguu chake.

Daftari lilikuwa limepita nusu nilipojua siwezi tena kuzunguka. Mvua ilikuwa inanyesha, na moto ulikuwa unatoa moshi tu. Niliandika: "Mama alikufa asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono, na hakusafiri popote." Maharage yakaungua. Nilimwita mtoto, nikamkalisha kwenye mkeka, nikamsomea. Sauti yangu haikufika mwisho wa sentensi, nikairudia kutoka mwanzo.

Hakulia. Alitazama daftari, akanitazama mimi.

"Najua," alisema. "Kaka aliniambia zamani."

"Lini?"

"Zamani. Wakati wa mahindi."

"Sasa kwa nini ulikuwa unakwenda barabarani kila siku?"

Aliinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa kwa kosa. "Wewe ulisema amesafiri. Nikafikiri wewe hujui. Nikafikiri nikiacha kwenda, utajua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, si kwa jibu lile. Mtoto ambaye hajafika hata miaka mitano alikuwa amekaa juani miezi yote ile, akinitunza. Nilimvuta kwangu, na aliyelia nikawa mimi, yeye akinipigapiga mgongoni kwa kiganja, namna tunavyobembeleza watoto wachanga.

Mvua ilipokatika nilimshika mkono, tukaenda kule migombani ambako tulikuwa tunamkataza kucheza. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshashuka, majani yameota juu yake. Alisimama kidogo, hakuuliza ni nini. Alitaka tu kujua kichwa kiko upande gani. Nikamwonyesha. Akazunguka kwa hatua ndogo, akachuchumaa upande huo.