Sahani Iliyorudi Tupu

Kazi yangu ni kuwashuku watu. Hotelini Diani mimi ndiye ninayepita nyuma ya wasafisha vyumba, na kitanda sikitazami sana, maana kila mtu anajua kutandika kitanda. Napitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Nafunua birika nachungulia ndani. Kisha nanusa. Chumba kikinukia manukato kupita kiasi, basi kuna kitu kimefichwa, na aliyekificha yuko mlangoni ananichekea.

Kwa hiyo siku tuliyompeleka mama kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, kaka yangu aliona bustani, akaona vitanda vya kupandishwa na kushushwa, akaona wasichana wenye sare safi. Mimi nilinusa. Ukumbini palinukia ndimu, ile ndimu ya chupa, na chini ya ndimu palikuwa na mkojo. Nikamnong'oneza kaka. Akanijibu bila hata kugeuka, "Dada, hapa si hotelini kwako. Wazee hunuka mkojo."

Hatukuwa na pa kwenda. Mama alikuwa amepooza upande wa kulia, na nyumbani Msambweni alianguka akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kurudisha kinu akamkuta. Kaka yuko Mombasa na mke mgonjwa. Mimi nina zamu, na zamu za hoteli hazina huruma. Tukakubaliana akae pale, na mama akakubali kwa kunyamaza, jambo ambalo kwa mama si kukubali hata kidogo.

Mwanzoni ugomvi wake ulikuwa ni jina. Wale wasichana wengi walikuwa watu wa bara, na kila kikongwe kwao alikuwa "shosho". "Waambie mimi si shosho wa mtu," alinilalamikia. "Mimi ni Mdigo. Waniite mama, na kama wanaona mama ni kubwa, waniite bibi." Nikacheka, nikawaambia. Wakaitikia vizuri sana, wakaendelea kumwita shosho.

Kisha nikaanza kuona bangili. Mama ana bangili moja ya fedha aliyovishwa siku ya harusi yake, na tangu nipate akili sikuwahi kuiona ikivuka kifundo cha mkono. Siku hiyo alipoinua mkono kujifunga mtandio, bangili iliteremka mpaka karibu na kiwiko. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikamwendea msichana aliyekuwa na zamu ya chumba chake, mnene, mcheshi, sikioni kaweka kidude cha kusikilizia nyimbo.

"Mama yangu anakula?"

"Shosho? Ako poa sana, madam. Anamaliza kila kitu. Sahani inarudi safi, ata hakuna kitu ya kuosha."

Nilimtazama mashavu yake yaliyojaa, nikamtazama mama. Moyoni nilikwisha kumhukumu. Nikarudi chumbani nikakagua kama ninavyokagua hoteli. Chini ya kitanda pasafi. Juu ya kabati pana vumbi. Na dirishani, kwenye chungu cha ua, palikuwa na msafara wa sisimizi wakipanda na kushuka. Nikatia kidole kwenye udongo, nikanusa. Chai ya maziwa. Nikajisemea, kumbe hawa hawaishii kula chakula chake, na chai pia wanaimwaga ili wawahi kumaliza zamu.

Nilimpigia kaka. Akasema naanza kuwaonea watoto wa watu.

Haukupita muda mrefu, ile nyumba ikanipigia kwamba mama kazimia na wamemkimbiza hospitali. Nilimkuta ametundikiwa maji, mkono umekuwa mwembamba kama mwiko. Daktari alinivuta pembeni, akasema mama amekauka, hana maji mwilini, na akirudishwa tena katika hali ile figo zitakufa na mwenyewe atazifuata. "Hanywi maji kabisa?" akaniuliza. Nikamwambia swali hilo awaulize wanaomtunza.

Msimamizi wa ile nyumba, mama wa makamo mwenye sauti laini, aliapa kwamba mama hula na kunywa vizuri. Ile sauti laini nikaichukia. Mimi huwa naisikia kwa wafanyakazi wangu wanapotaka nisifungue kabati fulani.

Mama aliporudishwa pale, niliomba ruhusa kazini nikaenda saa ya chakula cha mchana bila kumwambia mtu. Mlinzi nilimwambia nimeleta leso za mama za kujifunga, nikazunguka kwa upande wa kamba za kuanikia nguo, nikasimama kwenye baraza nyuma ya pazia la dirisha lake. Nilikuwa nimeshika simu tayari kupiga picha. Nilitaka kumnasa yule msichana na kijiko kinywani.

Msichana akaingia, akaweka sahani ya wali na ndengu, akamwekea mama kikombe cha maji, akasema, "Kula, shosho wangu," akatoka. Hakugusa hata punje. Mama alisubiri nyayo zake zipotee. Kisha kwa mkono wake mzima wa kushoto akaisukuma ile sahani juu ya meza ya magurudumu mpaka kitanda cha pili, kwa mwenzake, kikongwe wa bara aliyeishi miaka mingi huko Shimba Hills. Yule bibi akaanza kula haraka haraka. Mama akachukua kikombe cha maji, akajinyoosha, akakimwaga kwenye chungu cha ua.

Simu nikaitia mfukoni. Niliingia kwa mlango wa baraza, na yule bibi akaruka kama mtoto aliyekutwa jikoni. "Mimi sijamwibia!" akasema, mdomo umejaa. "Ananipa mwenyewe kila siku. Nikikataa ananinunia."

Nikapiga magoti mbele ya mama. "Mama, unataka kufa?"

"Nani kasema kufa? Nataka kuswali."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, ananitazama pembeni kwa haya. Asubuhi wasichana humwogesha vizuri kwa maji, hana lawama. Lakini baada ya hapo, akienda haja, hawamchambi kwa maji. Humgeuza kitandani, wakamfuta kwa vile vikaratasi vyenye unyevu na manukato, wakamvisha daipa nyingine, basi, naye hubaki na najisi ya kumzuia kuswali. Kopo la maji hawalitaki chumbani. Kwa hiyo akaona afadhali asiende haja kabisa mpaka asubuhi. Na ili mtu asiende haja, asile wala asinywe.

"Lakini mama, mgonjwa ana ruhusa. Ustadhi mwenyewe alikwambia."

"Ustadhi hajafutwa na karatasi."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikalia. Aliyekuwa akimnyima mama chakula nilimtafuta kwenye mashavu ya msichana wa watu, naye mama alikuwa amejinyima mwenyewe, ananitazama kila ninapokuja, anasema hajambo.

Nilikwenda kwa msimamizi. Akanisikiliza, akakunja mikono. Akasema kuna mzee aliyeteleza kwenye maji ya kopo akavunjika nyonga, na tangu hapo wakapiga marufuku maji chumbani, kwa usalama wa wazee. Nikamuuliza usalama gani huu unaomkausha mtu figo. Akasema hakuna aliyewaambia. Nikasema hakuna aliyeuliza. Mwisho akasema kwa ile sauti yake, "Sawa, mama. Nitawaambia wasichana. Kuanzia leo atachambwa kwa maji."

Pengine alikuwa mkweli. Lakini mimi nimewaambia wageni wangu wa hoteli "kuanzia leo" mara nyingi sana, na najua maneno hayo yanavyoisha mara mgeni akifunga mlango. Niliwawazia wasichana wa zamu ya jioni, wagonjwa wote wale wa kugeuzwa, mgongo unauma, na kikaratasi kiko mkononi tayari.

Nikaomba ndoo, kopo na taulo la kuweka chini. Yule msichana mnene akaniletea mwenyewe, akanisaidia kumgeuza mama, wala hakuniuliza kitu. Nilimwosha mama kwa maji ya vuguvugu, taratibu, nikamkausha, nikamvisha leso safi. Alifumba macho muda wote. Nilipomaliza alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukalegea, ukawa ule uso ninaoujua.

Nikamjazia kikombe. "Sasa kunywa."

Akakipokea, akakileta mdomoni, akakishusha.

"Kesho ataniosha nani?"

"Wameahidi, mama."

Akaniangalia kwa jicho ambalo mimi huwaangalia nalo watu, na nikajua jicho hilo nimelitoa wapi.

"Basi mimi. Kesho nitakuja mimi."

"Na keshokutwa?"

Kikombe alikiweka juu ya meza, kimejaa vilevile, akatazama dirishani akingoja. Nilizifikiria zamu zangu, na ile nyumba ya Msambweni iliyofungwa madirisha, na kaka atakavyopiga kelele kwenye simu. Kisha nikainuka, nikafungua kabati, nikaanza kukunja nguo zake moja moja na kuzitia mkobani. Nyuma yangu nikamsikia akinywa.