Kilima cha Babu Ng'ambo ya Kigongo

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki, na shule yangu ikaishia darasa la pili. Nikaenda kupuliza moto kwa mivukuto kwa fundi wa majembe. Tangu hapo chuma kimenilisha, lakini chuma chakavu cha kununua. Babu yetu aliokota mawe kilimani akayeyusha mwenyewe. Hilo liliniuma. Mdogo wangu Masanja aliponipigia kwamba kilima kile cha babu kinauzwa kijijini kwake, ng'ambo, upande wa Sengerema, nilitafuta mnunuzi wa karakana yangu ili nikinunue.

Saa mbili asubuhi, daraja la Kigongo. Zamani nilisubiri kivuko hapa nusu siku. Safari hii hata karanga sikumaliza kula, nikawa ng'ambo.

Saa tano, kwa Masanja. Akamwaga gunia la mawe meusi. "Kaka, shika uone uzito huo!"

Binti yake Neema, aliyesomea miamba, alikuwapo. "Shikamoo, baba mkubwa. Hayo mawe..."

"Marahaba. Nyamaza kwanza. Mimi nimelala na chuma miaka hamsini."

Nikagonga. Mazito. Sumaku ikashika kidogo. "Chuma! Kesho nauza karakana."

"Baba mkubwa, tazama hivi vitundu."

Nikatazama. Vitundu kama vya andazi. Nikaona aibu. Mavi ya chuma, makapi yaleyale ninayofagia tanurini kila jioni! Wazee walishayeyusha, wakatupa.

"Kumbe nimebeba mavi ya babu?" Masanja akauliza.

"Gunia zima," binti akasema.

Saa nane, kileleni. Nilitaka kuona babu alikotoa jiwe. Neema akatuonyesha mwamba wenye mistari kama kikoi.

"Mweusi ni chuma, mwekundu ni jiwe gumu. Vilijipanga chini ya maji, zamani kabla ya ziwa hili. Huku juu mvua ya mamilioni ya miaka imelimumunya lile jiwe jekundu, chuma kikabaki. Ndicho alichookota babu."

"Kwa hiyo kipo?"

"Kipo. Ila kujua kina chake ni kuchoronga, kutoboa mwamba kwa mashine, halafu kusaga, kutenganisha, umeme, tanuru kubwa, reli. Kikifanyiwa hayo, mkoa mzima utakula. Si kazi ya nyundo yako."

"Nyundo hiyo ndiyo iliyokusomesha."

"Ndiyo maana sitaki uiuze."

Nikampigia mnunuzi palepale: karakana haiuzwi.

Jioni nilivuka daraja na lile gunia, nikiwa nimeshiba furaha. Nimejifunza kwamba kujua kufua chuma si kujua mwamba, na aliyenifundisha nilimlipia ada mwenyewe.

Leo nina karakana Mkuyuni, mashine mbili za kuchomelea, nyumba Butimba, ng'ombe wanane Misungwi, na gunia moja la mavi ya babu.