Nilimnyima binti yangu lugha ya Kiha, kazi ya wakimbizi akaipata Perusi muuza dagaa

Wakuu wa humu, hamjambo. Mtakaonipa shikamoo, marahaba mapema.

Mniwie radhi kwa mwandiko, shule niliishia la nne. Ila majina ya watu sisahau, na haya yamenitokea mimi, hapa hapa Ujiji.

Nasoma nyuzi zenu za ajira, mnalaumu konekisheni. Mwanangu mimi alikosa kazi kwa sababu yangu.

Ni miaka ile wakimbizi wa Burundi wanaingia kwa wingi. Binti yangu Zuhura alikuwa ametoka chuo na stashahada yake ya ustawi wa jamii. Alizunguka maofisi ya Kigoma mpaka bahasha ya vyeti ikachakaa pembe. Kila mahali "tutakuita".

Ofisi moja ya misaada ikamwita kweli, intavyuu.

Walikuwa watano: Zuhura, Fadhila, Yusto wa Katubuka, Ramadhani Bilali, na Perusi, binti wa jirani yangu Anastazia. Perusi huyo darasa la saba, anauza dagaa Kibirizi! Nilicheka.

Ndani wakamweka mama mmoja mkimbizi, kila anayeingia atafsiri anachosema. Yule mama akamwambia Zuhura, "Umwana wanje ararwaye."

Zuhura akabahatisha: "Anasema mtoto wake amelala."

Kumbe mtoto anaumwa.

Kazi akapata Perusi. Kirundi na Kiha vinasikilizana, na kwao Kiha ndicho wanachoongea kutwa.

Sasa aibu yangu. Mimi ni Muha, nimezaliwa Kasulu. Nilipoolewa Ujiji, kila nikifungua mdomo wifi yangu Tatu anasema, "Shamba limefika." Nikaacha Kiha. Zuhura alipokuwa akiniuliza Kiha, nilimwambia nimekisahau.

Niliona wivu, wakuu. Kila asubuhi gari jeupe la ile ofisi, lenye antena ndefu, linasimama kwa Anastazia. Naye haachi: "Mama Zuhura, umeliona gari la mwanangu?"

Nikawa najifungia jikoni nisilione.

Halafu Zuhura akasikia watachukua wengine. Akaanza kwenda kwa Anastazia kila alasiri, afundishwe Kiha. Nawasikia nyuma ya ua wanacheka. Mwanangu, anacheka na yule!

Siku ya nane nikashindwa. Anastazia ni mtu wa Kibondo, akamfundisha neno nikaona silo. Nikatoka na mwiko mkononi, nikafoka kwa Kiha kirefu, kwamba sisi wa Kasulu hatusemi hivyo!

Anastazia akapiga makofi. "Yee! Mama Zuhura, kumbe unacho!"

Zuhura hakucheka. "Mama, si ulisema umekisahau?"

Nikamwambia twende nyumbani, nitakufundisha mwenyewe.

Akajibu taratibu, "Nitamalizia hapa hapa kwa Mama Perusi."

Akamalizia. Safari hiyo kazi akapata, akafanya miaka mingi kambini.

Mpaka leo akiongea Kiha kinatoka cha Kibondo, kila neno. Watu wanamsifu, mimi inaniuma.

Nilichojifunza: aibu niliyoibeba mimi, mwanangu ndiye aliyeulizwa kwenye intavyuu.

Nisemeni mtakavyo, nitasoma yote. Na mwenye mama au bibi anayedai kasahau lugha ya kwao, amwulize tena leo, aje atuambie kajibiwa nini.

Watu wa Kibondo nanyi changieni. Nitajikaza.