Pambano Ambalo Kaka Yangu Alilikwepa

Kaka yangu alikuwa bingwa wa taifa wa ndondi katika uzani wa kati, na mwishoni mwa kazi yake alimkimbia mtu mmoja. Nasema alimkimbia kwa sababu ndivyo watu wa Kitengela walivyosema, na kwa sababu ni kweli. Nimewasikia wanaume wengi wakibishana kama mabingwa wakizeeka huchagua wa kupigana nao. Mimi sibishani. Niliishi na mmoja.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili, yeye, mimi na mama, enzi zile Kitengela ilikuwa bado mstari wa maduka kando ya barabara ya Namanga na nyumbu wanakuja mpaka nyuma ya ploti mvua ikinyesha. Mama alitutoa Ukambani baba alipofariki. Kaka aliajiriwa kwenye kiwanda cha saruji upande wa Athi River, akawa anapigania timu ya kiwanda. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka moja, nashona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Kaptula zake za ulingoni nilizishona mimi. Hakutaka mpira wa kiunoni ubane hata kidogo, alisema unamnyima pumzi.

Mama hakuwahi kumtazama akipigana. Alimngoja nyumbani. Akirudi alimshika kidevu, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema, "Haya, kula." Siku aliyoleta ubingwa pia alisema hivyo hivyo.

Miaka ya tisini ilikuwa imefika katikati kijana wa Kajiado alipokuja. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtoto wa familia ya Kiislamu kutoka kaskazini mashariki iliyokuwa ikiuza mbuzi Kajiado mjini. Alikuwa mashoto. Kocha wa kaka alimwalika Jumamosi mchana afanye mazoezi na bingwa katika ukumbi wa kanisa tuliokuwa tukiazimwa. Nilikuwepo, nimepeleka kaptula mpya.

Raundi ya kwanza kaka alikuwa akimfundisha, anaongea naye huku anampiga kidogo kidogo. Raundi ya pili aliacha kuongea. Halafu mkono wa kushoto wa yule kijana ukaingia chini ya mbavu, upande wa ini. Sikuiona ngumi ikitoka. Kaka alibaki wima kwa muda, macho wazi, kisha magoti yakakunjika polepole, moja halafu lingine, mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Basi, inatosha leo," kocha akasema, ingawa raundi ilikuwa bado.

Yule kijana alipiga magoti kando yake. "Pole, bingwa. Pole sana." Alionekana kushtuka kuliko sisi.

Baada ya siku hiyo kila pambano lao lilipopendekezwa, kulikuwa na jambo. Kwanza kifundo cha mkono kiliteguka. Kisha taifodi. Kisha kocha akawaambia waandalizi kwamba kijana hana jina, akapigane na wengine kwanza. Akapigana na wengine, akawalaza wote, nao waliobaki wakaanza kuugua taifodi pia. Bingwa akimkataa mtu, anawapa wengine ruhusa ya kumkataa.

Krismasi moja tulienda Kajiado kununua mbuzi. Sokoni mbuzi mmoja alimponyoka mwenyewe, akakimbia kati ya watu, na mchuuzi mmoja akapiga kelele, "Mshike! Huyo anakimbia kama bingwa wa Kitengela!" Watu wakacheka. Hawakujua tumesimama pale, au labda walijua. Kaka alicheka nao. Alicheka muda mrefu mno.

Tukirudi nilimuuliza, "Kwani unamwogopa?"

Tulikuwa tumepita Isinya alipojibu. "Nimepigwa tangu niko kijana," akasema. "Kupigwa siogopi. Ngumi nikiiona inakuja, hata ikinipata, ni yangu. Ya huyo kijana sikuiona. Mimi ndio nilikuwa naona zote." Akageukia dirisha. "Macho yangu yameanza kuchelewa. Wewe usimwambie mama."

Sikumwambia. Nadhani alijua.

Mwaka uliofuata yule kijana alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia mama kwa heshima, akakaa ukingoni mwa kochi. Nilimwekea chai ya maziwa. Aliinywa yote kabla ya kusema lililomleta.

"Bingwa, mimi sikuja na ubaya. Naomba tu unipatie mara moja. Hata ukinipiga, sawa. Watu hawataki kupigana na mimi. Baba ananiambia niache mchezo niende na malori. Niko na hii mwaka moja tu."

Kaka alimtazama. Kwa muda nilifikiri atakubali, kwa sababu uso wake ulilegea ukawa ule wa zamani, wa kabla ya ubingwa.

"Mwakani," akasema. "Mwakani, kijana. Naahidi."

Yule kijana aliinama, akamshukuru kwa mikono miwili. Alipotoka, mama alisema kutoka jikoni, bila kuonekana, "Huyo mtoto umemdanganya."

"Ndio, mama," kaka akajibu.

Mwakani ilipofika, alikubali kupigana na mtu mwingine. Huyo alikuwa rika lake, bondia mzito wa miguu kutoka Nairobi, ambaye kaka alikuwa amemshinda zamani. Kila mtu alijua atamshinda tena. Kocha aliliita pambano la kuagia, astaafu na ubingwa wake, bila doa. Lilikuwa chaguo la busara. Hata mimi nilifurahi.

Nilikaa safu za mbele. Kaka alishinda kwa pointi, na waamuzi hawakukosea. Lakini yule mtu alikuwa akija mbele tu, raundi baada ya raundi, anapokea ngumi tatu ili atoe moja, na ile moja ilikuwa inatua kichwani. Hakuna iliyomwangusha kaka. Zote aliziona zikija. Mwisho refa aliponyanyua mkono wake, kaka alikuwa akitabasamu kuelekea upande ambao hakukuwa na watu.

Nyumbani mama alimshika kidevu, akakigeuza, na safari hii hakusema ale. Alikaa chini.

Mambo hayakuja mara moja. Kwanza alikuwa anavuta maneno, watu wakadhani amekunywa, naye hakuwa mnywaji. Kisha vikombe vikaanza kumponyoka. Kiwandani walimhamishia getini, halafu akarudishwa nyumbani kwa upole, na wenzake wakaja kutuona mara chache, kisha wakaacha. Daktari alisema ni ngumi za miaka mingi, si za siku moja. Huenda. Lakini mimi nilimwona akiingia ulingoni siku ile akiwa mtu mmoja na kutoka akiwa mwingine.

Yule wa Kajiado hakupata pambano lolote la maana. Alienda na malori ya mifugo kama baba yake alivyotaka. Ukame mkubwa ulipokuja, Wamaasai wakashuka na ng'ombe wao mpaka kando ya barabara, mizoga ikajaa njiani kote, na nikasikia familia yake imepoteza karibu kila kitu. Halafu nikaacha kumsikia.

Alikuja tena Kitengela wakati mji ulikuwa umeshajaa maghorofa na mama amekwisha kufariki. Alikuwa na kitambi kidogo na ndevu zilizotiwa hina. Alisema amesikia bingwa ni mgonjwa. Nilimwingiza ndani. Kaka alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono ikitetemeka juu ya magoti.

"Sopa," kaka akamwambia, salamu ya Kimaasai aliyowapa watu wote siku hizo, kwa kuwa ilikuwa fupi.

"Ipa," yule mtu akajibu, akakaa.

Kaka alimkazia macho. Niliona anamtafuta ndani ya kichwa chake, na kwamba kuna mahali amemkuta.

"Wewe ni wa Kajiado. Mashoto."

"Ndiye mimi."

"Tulipigana. Si tulipigana?"

Nilikuwa na sinia mikononi. Nikasimama palepale. Yule mtu aliangalia viganja vyake.

"Tulipigana, bingwa."

"Nani alishinda?"

"Ilikuwa ngumu," akasema. "Ulinipiga sana mwanzoni. Mimi nikakupata hapa, kwa mbavu, ukainuka. Mwisho waamuzi walikupatia wewe."

"Kwa pointi."

"Kwa pointi."

Kaka aliegemea kiti. Mikono yake iliendelea kutetemeka, lakini uso ulitulia. "Ulikuwa mzuri," akamwambia. "Ulikuwa mzuri sana, kijana."

Nilimsindikiza hadi stendi. Nilitaka kumshukuru, nikaanza, akanikata.

"Dada, usinishukuru. Ningemshinda. Wewe ulikuwa hapo kanisani, unajua ningemshinda." Machozi yalikuwa yamemlenga, na sauti ilikuwa ya hasira. "Mpaka leo nikilala nampiga. Nimempatia hiyo kitu kwa sababu hakuna mtu mwingine anaweza kumpatia. Lakini ilikuwa yangu."

Gari likaja, akapanda, na sikumwona tena.

Kaka aliishi miaka michache baada ya hapo. Alisahau jina la mtaa wetu na wakati mwingine langu, lakini pambano lile hakulisahau. Alimsimulia kila aliyeingia, muuza maziwa, pasta, mafundi wa stima. Kila mara liliongezeka raundi. Mwishowe alikuwa akiangushwa mara mbili na kuinuka mara mbili, na ukumbi mzima umesimama, na mama yuko safu za mbele akimshangilia.