Brashi ilikuwa bado kwenye pakiti yake

Leo nimesimamisha kipimo cha mama yangu akiwa ameshalala kitandani.

Tumetoka kijijini Murungu alfajiri kuja hospitali, mama hajala tangu jana. Alikuwa aingizwe mpira wenye kamera hadi tumboni. Anayeosha mpira huo ni Eliza, mdogo wa mke wangu. Mnakumbuka wiki iliyopita, mliposema humu kwenye kundi kwamba hospitali hii hawaoshi mipira hiyo vizuri? Niliwaita wazushi.

Leo mlango wa chumba cha kuoshea, mkabala na kitanda cha mama, ulikuwa wazi. Eliza aliufuta mpira kwa nje ukang'aa, akautumbukiza kwenye dawa, akaandika daftarini: "Umesafishwa nje na ndani."

Ndani? Mpira ule una tundu jembamba kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama mlivyoeleza humu, lazima lipitishwe brashi kabla ya dawa. Brashi ilikuwa juu ya kabati, pakiti haijafunguliwa.

"Shemeji, mbona hujapitisha brashi?"

"Shemeji nawe! Foleni huioni? Dawa inaua kila kitu."

"Pitisha, nione."

Mama akafoka kutoka kitandani: "Mwana wanje, mwanangu, mimi nakufa njaa, wewe unahubiri!"

Eliza akapitisha. Brashi iliingia nyeupe, ikatoka ya kahawia.

Mama aliiona. Akashuka kitandani mwenyewe, akaulizia viatu vyake.

Niliowaita wazushi, nisameheni. Nitukaneni leo, ni haki yenu.

Na wewe Eliza, mwezi uliopita mpira huohuo uliingia tumboni mwangu. Ulinishika mkono ukaniambia nisiogope.