Mstari wa Harufu

Fomu ya ununuzi ya kampuni yetu ilikuwa na mistari mitatu ya ukaguzi: uimara, ukavu, harufu. Mkaguzi nilikuwa mimi, kijana wa Tunduma mwenye cheti cha ugavi na shati la mikono mirefu. Ilikuwa miaka ya tisini, kampuni binafsi zimeanza kununua kahawa Mbozi, na kila moja ilitaka ionekane ina utaratibu.

Utaratibu wetu wa kununua magunia ulikuwa huu. Tunachukua bei kwa wauzaji watatu, nakagua mzigo, nasaini. Mhasibu akiona nimesaini, anasaini. Meneja akiona mhasibu amesaini, anasaini huku anaongea na simu. Watu hudhani kampuni hukaa ikafikiri. Yetu iliangalia saini ya aliyetangulia, na aliyetangulia nilikuwa mimi.

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alileta sampuli ya gunia la juti, jipya, kwa bei iliyowashinda wenzake. Wiki iliyofuata marobota yakashushwa ghalani kwetu.

Ghalani palikuwa na mama mmoja wa Kinyiha aliyewasimamia wanawake wa kuchagua kahawa. Alikuwa kibarua wa msimu. Kila mwaka alingoja kuitwa tena, na kwa kuitwa huko ndiko alikowasomesha binti zake. Kwenye fomu hakuwa na mahali pa kusaini. Alikuja tu akasimama kando yangu.

"Sampuli ni kama mtu anayekwenda ukweni," alisema. "Lazima aoge. Fungua robota la katikati."

Nikalifungua, nikaingiza pua. Sikusikia kitu.

"Kapenta," alisema.

Kapenta ni dagaa wakavu wa kutoka Zambia, na Tunduma wamejaa maghala mazima. Magunia yalikuwa mapya kweli, ila inaelekea yalilala nao chumba kimoja.

"Mama, mbona mimi sisikii?"

"Utasikiaje, mwanangu? Umekulia humo humo."

Nilikasirika. Nyumba yetu ilipakana na maghala hayo, na nilipokuwa nasoma Vwawa wenzangu walizoea kuziba pua nikipita. Niliona na yeye amejiunga nao. Nikaandika mbele ya mstari wa tatu: hakuna. Nikasaini.

Kahawa tuliyoijaza humo ilikataliwa. Mnunuzi tuliyemuuzia aliandika kwamba inanuka samaki.

Meneja akaitisha kikao. Fomu ikawekwa mezani, na fomu ilisema magunia hayakuwa na harufu, saini tatu chini yake. Basi harufu lazima iliingilia ghalani. Mtu mmoja akakumbuka kwamba wanawake wale hupika chakula cha mchana nyuma ya ghala, tena mara nyingi ni dagaa. Msimamizi wao nani? Jina likatajwa. Kikao hakikuchukua hata saa moja.

Nilijiambia kwamba sikudanganya, pua yangu haikusikia kitu, na hilo lilikuwa kweli. Lakini maneno ya yule mama niliyasikia vizuri, na hayo sikuyatoa kikaoni. Msimu uliofuata hakuitwa.

Baadaye nilipata kazi Dodoma, nikakaa huko miaka bila kurudi. Siku niliyorudi kumwona mama yangu, nilishuka Tunduma saa sita mchana, na kabla sijachukua begi langu harufu ikanijaa puani: kali, ya chumvi, imeshika kila kitu. Nikamwuliza bodaboda ni nini kinachonuka hivyo. Alinishangaa. Yeye hakusikia kitu. Niliona haya.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mama, karibu na Mbozi Misheni. Alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo. Alinitambua.

"Karibu, mwanangu. Umetokea kwenu?"

"Nimetokea, mama. Nimeisikia ile harufu."

Hakuuliza harufu gani. Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Yule binti wangu wa mwisho aliishia la saba," alisema, kisha akaniletea kigoda nikae.