Siku Nane Bila Choo

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwauliza wazee wa Kizungu kama wamekunya. Siwezi kuipamba zaidi ya hapo. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Minneapolis, na kila shifti ilianza na karatasi: nani amepata choo, kiasi gani, kigumu au laini, rangi ipi. Siku tatu bila kitu, mzee anapewa juisi ya plamu. Siku ya nne, unga wa kulainisha unaokorogwa kwenye maji. Ya tano tunavaa glavu, na hapo urafiki unaisha. Niliyajua matumbo ya watu ambao hata majina ya watoto wao sikuyajua.

Halafu Julai moja baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, akaja kututembelea nyumbani kwetu New Hope, kitongoji cha Minneapolis, na mimi bingwa wa vinyesi nikawa sioni kitu. Kinyozi hajinyoi.

Sisi ni Wakisii. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawazoeani. Simpi mkono, simtazami sana usoni, na yeye kwa desturi kamili hatakiwi hata kuvuka mlango wa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kule nyumbani mambo haya ni rahisi, kwa sababu boma ni kubwa na choo kiko huko nyuma ya migomba. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule aliyolala yeye, na choo kimoja kilichopakana na jiko, ukuta mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya humo mtu wa jikoni anakwambia pole. Na nani alikuwa jikoni kutwa? Mimi. Nilikuwa nimechukua likizo ya wiki mbili nzima ili mzee asije akasema alikuja Amerika akatelekezwa.

Nikampikia. Jamani, nilimpikia. Chapati, mayai, nyama, mkate mweupe na jibini. Tumbo la mzee wa miaka sabini na kitu, limetoka kukalishwa kwenye ndege siku nzima, halijui ni saa ngapi, nami nalishindilia kama gunia. Yeye alikuwa akiingia chooni dakika moja, anafungulia bomba lipige kelele, anatoka. Nikawaza, mzee ana kibofu kizuri.

Siku ya saba akakataa ugali. Nilikuwa nimevuka mto hadi mtaa wa Frogtown kumtafutia managu, ile mboga chungu ya mnavu, nikayapata kwa mama mmoja Mhmong, mtu wa milima ya Laos, ambaye kwao pia wanayala, na mzee akasema ameshiba kabla hajaonja. Mkisii anayekataa ugali kwa managu ni mgonjwa au ameshakufa. Nikamtazama vizuri, kwa kuibia. Mkanda wake ulikuwa umelegezwa matundu mawili.

Asubuhi yake nikaingia chooni, nikaiangalia karatasi ya kujipangusia, nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu na wiki nzima alikuwa barabarani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Karatasi iliyopungua ni ile niliyotumia mimi peke yangu. Mzee alikuwa hajaenda haja kubwa tangu afike, kwa aibu ya kusikiwa na mimi.

Nikampigia mume wangu, alikuwa Nebraska. "Muulize baba kama amepata choo."

"Mimi? Nimuulize baba?"

"Ni baba yako."

"Lakini wewe ndiye uliyesomea." Kisha akasema simu inakatika. Simu haikuwa ikikatika.

Niliogopa kweli. Utumbo mpana hunyonya maji, kwa hiyo kinachokaa humo hukauka, na kikikauka sana huziba njia. Kazini nilishamwona mzee akitolewa kwa ambulensi, tumbo limevimba kama ngoma, na hakurudi. Kuna swali moja linalotenganisha mtu wa juisi ya plamu na mtu wa ambulensi, nalo ni kama anajamba. Sasa mimi nimuulize baba mkwe kama anajamba. Nikajisemea, afadhali nimzike. Halafu nikajisikia nikisema hivyo, nikashikwa na hasira. Mficha maradhi kilio humfichua, na hicho kilio kingekuwa sebuleni kwangu.

Nikaingia chumbani nikavaa yunifomu ya kazi, viatu vya mpira, kitambulisho kifuani. Nikagonga ukuta wa sebule, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya kazini: "Habari ya asubuhi, bwana. Mimi ndiye nesi wako leo."

Mzee akatazama viatu, akatazama kitambulisho muda mrefu. Kisha akazima televisheni, akaketi wima.

"Habari ya asubuhi, nesi," akajibu, kwa Kiingereza cha mwalimu mkuu.

"Mara ya mwisho kupata choo ilikuwa lini?"

"Uwanja wa ndege, Nairobi."

"Unatapika?"

"Hapana."

"Unatoa hewa?"

Akageukia dirisha. "Kidogo. Wakati wa habari, sauti ikiwa juu."

Sijawahi kuufurahia ushuzi wa mtu namna ile. Nikampashia moto juisi ya plamu, nikamkorogea unga, nikaweka kigoda mbele ya choo akanyagie miguu, nikamwambia nesi anatoka na nyumbani hakuna mtu. Nikakaa ndani ya gari uani kwa muda wa saa mbili, simu mkononi, nikimwomba Mungu aukumbuke utumbo wa mzee.

Niliporudi feni ya choo ilikuwa ikinguruma na madirisha yote ya sebule yako wazi. Mzee ameketi, mkanda umekazwa.

"Kiasi gani, bwana?"

"Cha kutosha, nesi." Akasafisha koo. "Nina ombi. Mke wa kijana wangu asijue. Tangu nije ananipikia kwa mikono yake mwenyewe, hajapumzika. Nisingependa asikie kwamba niliugua nyumbani mwake."

"Hatasikia, bwana," nikasema.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikavua yunifomu huku nalia. Kisha nikapangusa uso, nikajifunga leso, nikatoka kumwamkia baba mkwe.